Fundi wa kompyuta na amana ya nyumba zetu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, pamoja na ahali zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, maudhui ya Ijumaa ya leo huenda yakawashangaza baadhi yenu. Mmezoea kutusoma tukizungumzia swala, funga, ndoa na mirathi. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya fundi wa kompyuta, yaani yule kijana mwenye meza, bisibisi na taa ndogo, ambaye siku hizi hakosekani katika kila kituo cha daladala. Wapo watakaouliza: jambo hili na dini vina uhusiano gani? Tunawaomba wavute subira, kwani kilichotusukuma kuandika si kompyuta, bali ni swali tuliloulizwa na mama mmoja.

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri, hapa kwetu upande wa Wazo. Mama huyo wa makamo alitusubiri nje ya msikiti mpaka watu walipotawanyika. Alisimulia kwamba kompyuta ya binti yake, mwanafunzi wa chuo, iliacha kuchaji. Akaipeleka kwa fundi aliyeelekezwa na mpita njia. Fundi akaomba neno la siri, naye akampa. Wiki tatu zikapita kwa ahadi za kesho na keshokutwa. Hatimaye kompyuta ikarudi ikiwa nzima. Hazikupita siku nyingi, picha za singo ya dada mkubwa wa yule binti, zilizopigwa ndani, wanawake wakiwa peke yao bila ya mitandio, zikaonekana katika simu za vijana wa mtaani. Tulidhani mama amekuja kutuuliza hukumu ya fundi. Hakutuuliza hilo. Alisema: "Shekhe, ninachotaka kujua ni kimoja. Na mimi nimo katika dhambi hii?"

Jibu tulilompa tutalileta mwishoni, kwani halieleweki ila baada ya kulijua lile ambalo kila mwenye nyumba anawajibika nalo kabla hajamkabidhi mtu chombo chake.

Nguvu na uaminifu

Qur'ani Tukufu imetupa kipimo cha kumchagua mtu wa kumwajiri. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, yamo maneno ya binti wa yule mzee wa Madyan, alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.). Alitaja sifa mbili tu: kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu tena mwaminifu. Nguvu ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Uaminifu ni kumcha Mungu katika kuifanya. Nabii Yusuf (a.s.) naye, alipoomba akabidhiwe hazina za Misri, katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, alijieleza kwa mambo mawili yanayofanana na hayo: ni mlinzi, tena ni mjuzi.

Tukizingatia, tutaona kwamba hasara nyingi za watu wetu zinatokana na kukosekana kwa moja kati ya sifa hizo mbili. Yuko fundi mwaminifu asiye na nguvu: ni kijana mwema, anaswali nasi safu ya mbele, lakini ufundi wake ni wa kubahatisha. Yuko mwenye nguvu asiye na uaminifu: kompyuta inapona mikononi mwake, lakini inarudi pungufu. Sisi wenyewe tumewahi kuona kompyuta iliyoingia dukani na memori ya giga 8 ikatoka na giga 4, na mwenyewe hakugundua ila baada ya miezi.

Basi nguvu ya fundi itajulikanaje na sisi tusiojua ufundi? Zipo dalili ambazo hata asiyesoma anaweza kuzitambua. Fundi mjuzi anauliza kabla ya kufungua: tatizo lilianza lini, je, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, je, kompyuta ilianguka au kumwagikiwa maji? Anapima kabla ya kutaja dawa. Anakueleza ugonjwa kwa lugha unayoielewa, na hajifichi nyuma ya maneno magumu. Tena anakubali kusema hajui. Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote ni swali lake kuhusu vilivyomo ndani: je, mna nakala ya mafaili yenu mahali pengine?

Tunalisisitiza swali hilo kwa sababu tumeonja uchungu wake. Miaka iliyopita tulipeleka kompyuta yetu kwa fundi ambaye hatutamtaja. Ilikuwa nzito, inachelewa kuwaka. Yeye, bila ya kuuliza, akapiga Windows upya, kama wasemavyo wenyewe, na darsa zetu za fiqhi tulizoziandika kwa miaka mingi zikafutika zote. Tulimlaumu, kisha tukajilaumu, kwani hatukuwa na nakala. Sote tunaijua hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Nakala ya mafaili katika diski ya pembeni au flashi ndiyo kamba ya ngamia wa zama hizi. Sisi tulimwacha ngamia bila kamba.

Ama uaminifu, huo haujulikani kwa sura. Inapokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba mtu mmoja alimsifia mwenziwe mbele yake. Umar akamuuliza mambo matatu: je, wewe ni jirani yake unayejua kuingia na kutoka kwake? Je, umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Je, umesafiri naye? Yule mtu akakana yote matatu. Umar akamwambia kwamba labda amemwona msikitini tu, akiinua kichwa na kukiinamisha, na kwa hiyo hamjui.

Ndugu zetu, maswali hayo yanatosha kuwa mizani ya kumpima fundi. Kabla hujatoa kompyuta yako, waulize waliokwisha kuamiliana naye. Waulize majirani wa duka lake: anafungua siku zote au hutoweka? Wanaokuja kwake hurudi mara ya pili? Hapa ndipo tunapoona ubora wa fundi wa jirani. Wengi wetu tunaoishi Wazo, Tegeta, Salasala na Madale tumezoea kudhani kwamba kila kilicho bora kiko Kariakoo, tukakesha katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo tukiwa tumebeba kompyuta mapajani. Hatusemi kwamba Kariakoo hakuna waaminifu, maana wapo wengi. Tunachosema ni kwamba fundi wa mtaani unajua anapolala, unamjua anayempangisha, na yeye anajua kwamba Ijumaa mtakutana. Kujuana huko ni ulinzi usionunulika.

Tutahadhari pia na kosa la kudhani kwamba kofia na ndevu ni hati ya uaminifu, au kwamba asiye wa dini yetu hawezi kuaminiwa. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka, akiwa anawindwa, yeye na Abubakar (r.a.) walimwajiri Abdullah bin Uraiqit awaongoze njia. Bukhari amepokea kwamba mtu huyo alikuwa bado katika dini ya Makureshi, lakini alikuwa stadi wa njia na walimwamini, wakamkabidhi hata ngamia wao. Maisha ya Mtume yaliwekwa katika mikono yenye ujuzi na ahadi ya kweli. Basi fundi Mkristo anayetimiza ahadi ni bora kwa kazi hii kuliko Mwislamu anayeivunja, na Mwislamu huyo atakuwa na hesabu nzito zaidi mbele ya Mola wake, kwa kuwa ameichafua dini aliyojinasibisha nayo.

Kompyuta ni nyumba

Tunaifikia sasa kadhia iliyomliza yule mama. Zamani fundi alipewa saa, redio au cherehani. Akikuibia, amekuibia mali. Leo anapewa chombo chenye picha za wake na mabinti zetu, vyeti vya watoto, nakala za pasipoti na kitambulisho cha taifa, barua za mirathi, hesabu za biashara na mazungumzo ya mume na mkewe. Chombo hicho kwa hakika ni nyumba. Na Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratun Nur, aya ya 27, kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza kupelelezana. Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya mtu aliyechungulia katika tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), Mtume akabainisha kwamba kuomba ruhusa kuliwekwa kwa ajili ya macho. Kwa hiyo fundi aliyepewa ruhusa ya kutengeneza mlango hakupewa ruhusa ya kufungua kabati.

Msidhani kwamba balaa hili ni la mitaa yetu pekee. Mwaka 2008 Hong Kong ilitikiswa na kuenezwa kwa picha za faragha za msanii mmoja mashuhuri, na mwaka 2009 mahakama ikamfunga fundi aliyezinakili kutoka katika kompyuta iliyopelekwa kutengenezwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Kanada, walipeleka kompyuta zenye hitilafu ndogo kwa mafundi 16, zikiwa zimetegwa zirekodi kila kinachofanywa ndani yake. Kwa mafundi sita mambo binafsi ya mwenye kompyuta yalipekuliwa, na wawili kati yao waliyanakili kabisa. Watafiti hao waliona pia kwamba hata kwa kazi ya kubadilisha betri, ambayo haihitaji kuingia ndani ya kompyuta, mafundi walikuwa wakiomba neno la siri. Ikiwa haya yanatendeka katika nchi zenye maduka makubwa na sheria kongwe, itakuwaje kwetu tunaokabidhi kompyuta juu ya meza ya barabarani bila hata kipande cha karatasi?

Ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa hiyo, kuifunga nyumba kabla hajamwita fundi. Tumewauliza vijana wetu wenye elimu hii, wakatueleza yafuatayo.

Kwanza, toa nakala ya mafaili yako yote, kisha yaondoe yale ya siri. Lakini ujue kwamba kufuta kwa kawaida huenda kusiondoe kitu. Mara nyingi kompyuta hufuta anwani ya faili tu, na faili lenyewe huweza kubaki katika diski mpaka liandikiwe juu yake kitu kingine, na mjuzi anaweza kulirudisha. Ndiyo maana kompyuta inayouzwa au kugawiwa haitoshi kufutwa juu juu.

Pili, ikiwa ugonjwa ni wa kioo, kibodi, chaja, betri au feni iliyojaa vumbi, diski haihusiki. Katika kompyuta nyingi diski hutolewa kwa kufungua skrubu chache. Mwombe fundi aitoe mbele yako, uende nayo nyumbani. Fundi mwema hatachukia. Atakayechukia amekwisha kukujulisha alivyo.

Tatu, usitoe neno la siri ila kwa sababu uliyoielewa. Ikiwa ni lazima aingie ndani, mfungulie akaunti nyingine isiyo na kitu. Ikiwa hilo haliwezekani, badilisha neno lako kabla ya kumpa, kisha libadilishe tena utakaporudishiwa. Na kabla ya yote ondoka katika barua pepe na WhatsApp zilizofunguliwa humo.

Nne, kazi ndogo zifanywe ukiwa umekaa hapo. Na dada zetu wasiende peke yao katika vyumba vya ndani vya maduka. Waende na mahramu, au wachague duka lililo wazi mbele za watu. Kufanya hivyo kunamlinda dada na kunamlinda fundi pia.

Mkataba na dhamana

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika tunapokopeshana kwa muda maalumu, na katika aya hiyo hiyo ametutaka tusichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Sisi watu wa pwani tuna aibu ya kuandikiana. Tunaona kwamba kudai karatasi ni kumtuhumu mtu. Ukweli ni kinyume chake, kwani karatasi inamlinda fundi mkweli dhidi ya mteja mwongo kama inavyomlinda mteja dhidi ya fundi mwongo. Iandikwe aina ya kompyuta na namba yake ya utambulisho, ukubwa wa memori na wa diski, kasoro zilizokuwapo, kazi iliyokubaliwa, siku ya kuchukua na bei. Piga picha ya chombo kabla hujakiacha. Spea ya zamani iliyotolewa irudishwe kwako, kwani ni mali yako mpaka utakapoitoa kwa ridhaa. Na ukilipa, dai risiti.

Ama bei, wanazuoni wa fiqhi wanashurutisha kwamba katika ijara kazi na ujira vijulikane, ili ugomvi usipate mlango. Mtu atauliza: vipi tutajua bei na ugonjwa bado haujajulikana? Ufumbuzi wake ni kugawa muamala sehemu mbili. Mkubaliane kwanza ada ya uchunguzi. Baada ya uchunguzi, fundi ataje ugonjwa na gharama, nawe uwe huru kukubali au kuondoka. Na ikiwa kazi ni ya kurudisha mafaili yaliyopotea, ambayo mwisho wake haujulikani, ipo njia ya juala, nayo ni ahadi ya malipo kwa atakayefanikiwa, ambayo wanazuoni wameitolea dalili kwa ule mzigo wa ngamia uliotajwa katika Suratu Yusuf, aya ya 72.

Je, chombo kikiharibika au kikipotea mikononi mwa fundi, nani analipa? Suala hili ni kongwe kuliko umeme. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwabebesha mafundi, kama vile watia rangi nguo, dhamana ya vilivyo mikononi mwao, kwa kuona kwamba bila ya hivyo mambo ya watu hayatatengemaa. Wanazuoni wa Kimaliki wakalifuata hilo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi hana dhamana ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini hebu tutafakari alichokipokea Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu Shafi (r.a.): kwamba Imamu aliamini kauli hiyo, ila hakupenda kuitangaza, kwa kuwahofia mafundi waovu. Elimu yake ilimpa hukumu, na kuwajua kwake watu kukampa tahadhari.

Kwa vyovyote, kuna mambo ambayo hayana ubishi. Aliyejitia ufundi asioujua anabeba dhamana, kwani Abu Daud amepokea hadithi inayombebesha dhamana aliyejitia utabibu hali hakujulikana kuwa tabibu, na mafundi wa kila aina wanapimwa kwayo. Aliyefuta mafaili bila ya kuuliza amezembea. Aliyebadilisha spea nzima kwa mbovu ameiba. Na aliyeuza spea ya bandia kwa bei ya halisi anakumbwa na yale makaripio makali ya Mtume (s.a.w.), yaliyomo katika Sahihi Muslim, kwa yule muuza nafaka aliyeficha zilizolowa chini ya zile kavu.

Kusema ukweli si kusengenya

Lipo jambo jingine linalotudhuru. Waumini wengi wanaodhulumiwa na fundi hunyamaza, wakisema wanaogopa kusengenya. Kesho jirani anapeleka chombo chake palepale, naye anadhulumiwa. Kuogopa usengenyaji ni katika taqwa, lakini lazima tuujue mpaka wake. Fatima binti Qais (r.a.) alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.) juu ya wanaume wawili waliomposa. Mtume akamtajia wazi ila ya kila mmoja: huyu hana mali, na yule haweki fimbo yake chini. Kisha akamwelekeza kwa mwingine. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameihesabu nasaha kwa Waislamu miongoni mwa sababu zinazohalalisha kutaja aibu ya mtu.

Kwa hiyo, ukiulizwa juu ya fundi, sema unachokijua kwa yakini, kwa kadiri ya haja, bila ya kuongeza wala kujifurahisha. Sema kwamba alichelewesha wiki tatu, au kwamba alirudisha memori pungufu. Usiseme kuhusu wazazi wake, kabila lake wala ndoa yake. Na vilevile, ukiulizwa juu ya fundi mwema, usibane sifa zake. Tunamkumbuka kijana mmoja wa upande wa Tegeta, ambaye tulimpelekea kompyuta ya madrasa tukiamini imekufa. Akaifungua mbele yetu, akapuliza vumbi, akaichomoa memori na kuirudisha sawasawa, ikawaka. Akatuambia haina ugonjwa, akachukua Sh2,000. Angetudai Sh100,000 tungempa na kumshukuru. Tangu siku hiyo hatujui idadi ya watu tuliowaelekeza kwake. Ndiyo baraka ya ukweli katika biashara, nayo huanza kuonekana duniani kabla ya Akhera.

Haki za fundi

Hatutakuwa waadilifu tukizungumza haki za mteja peke yake. Ibnu Majah amepokea agizo la Mtume (s.a.w.) la kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wangapi kati yetu huchukua chombo kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, kisha wakabadilisha njia wasipite mbele ya duka? Wangapi huacha kompyuta zao kwa miezi, zikajaza kibanda cha kijana, halafu wakija wanadai fidia ya vumbi? Wangapi humlazimisha fundi aweke programu za wizi ili wakwepe gharama, kisha virusi vilivyokuja nazo wakamsingizia yeye? Na hali Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, ilikwisha kupitisha kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia.

Mteja anayekandamiza bei mpaka fundi asibaki na kitu amemsukuma fundi huyo kwenye spea ya bandia. Dhulma ni mlango wenye pande mbili.

Jibu la yule mama

Turejee sasa kwenye swali tuliloliacha. Tulimwambia mama kwamba dhambi ya khiyana ni ya aliyefanya khiyana, na hakuna mbebaji anayebeba mzigo wa mwenziwe. Yeye alitoa amana. Hakutoa ruhusa. Kama alighafilika katika kuchunguza na kufunga, basi na amuombe Mola wake msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, na ajifunze kwa lililompata. Tukamuomba asiwalaumu mabinti zake. Walivua mitandio ndani, baina ya wanawake wenziwao, na hilo ni halali yao. Aliyeuvunja ukuta ndiye mwenye kosa.

Kisha tukamwambia jambo ambalo hakulitarajia: kunyamaza kwa aibu sasa hakujuzu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika kompyuta ya mtu bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimechezewa. Akaenda polisi akiwa na kaka yake, na ile karatasi ndogo ya malipo aliyokuwa ameihifadhi, ambayo ndiyo ushahidi pekee aliokuwa nao.

Na sisi wengine tulio nje ya kisa hiki tumo ndani yake kwa njia moja. Picha zile hazikuenezwa na fundi peke yake. Zilipita simu hadi simu, na kila aliyezipokea akazituma aliongeza kiungo katika mnyororo, baadhi yao wakiwa watoto wa majirani na wanafunzi wa madrasa zetu. Katika Suratun Nur, aya ya 19, Mwenyezi Mungu amewaahidi adhabu iumizayo, duniani na Akhera, wanaopenda uchafu uenee miongoni mwa walioamini. Kinyume chake, Mtume (s.a.w.) amebashiri kwamba amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Basi ikikufikia picha ya aina hiyo, ifute, mkanye aliyekutumia, na usiwe wewe kiungo kinachofuata. Wazazi, waambieni watoto wenu jambo hili leo baada ya swala, kabla halijafika mlangoni kwenu.

Na nyinyi vijana wetu mafundi, mnaoketi na bisibisi zenu kuanzia Wazo hadi Mbagala, jueni kwamba mikononi mwenu mna sitara za nyumba ambazo baba zenu wadogo na wajomba zenu wasingeweza kuzikaribia bila ya kubisha hodi. Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa anatoka Makka usiku, watu wakitaka kumuua, alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili awarudishie wenyewe amana zao, na wenye amana hizo walikuwa ni watu wa mji uleule uliokuwa ukimfukuza. Ikiwa amana ya watu kama hao ilirudishwa kamili, amana ya jirani yenu anayewaita "mwanangu" itakuwaje?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awape mafundi wetu ujuzi na uaminifu pamoja, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.